Boti ya mjomba imekaa uani miaka miwili: niendelee au niiache?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia wewe kwa sababu uliwahi kutaja katika safu hii kwamba kabla ya kuanza kujibu barua za watu ulifanya kazi ya faiba karakanani kwa miaka mingi. Nadhani utanielewa pande zote mbili, maana tatizo langu nusu liko kwenye boti na nusu liko nyumbani.

Miaka miwili iliyopita mjomba wangu alifariki akaniachia boti yake ndogo ya faiba, urefu wake mita nne na nusu hivi, pamoja na mashine ya nyuma ya nguvu za farasi 25, ile ya kuchanganya oili na petroli. Zote ni za miaka ya 1980. Ndiyo boti aliyonifundishia kushika usukani nikiwa na miaka 11. Alipoanza kuugua aliiacha juu ya trela bila kuifunika, ikakaa hivyo kama miaka sita, mvua ikiingia na majani ya miti yakiozea ndani. Niliivuta hadi nyumbani, nikaiweka uani, nikamwambia mke wangu ni kazi ya miezi mitatu.

Mimi si fundi. Nafanya kazi ofisini, na hii niliichukua kuwa burudani yangu ya Jumamosi. Niliiosha, nikaipiga msasa, nikaipaka rangi, na kwa kweli ilipendeza. Baada ya wiki chache rangi ikaanza kuvimba malengelenge upande wa tezi, yaani nyuma ya boti. Nikakwangua, nikapaka tena. Yakarudi. Kisha nikagundua kwamba skrubu za pale nyuma zinazunguka tu bila kukaza, na nikiinua omo, yaani mbele, kwenye tundu la bolti moja ya mashine hutoka maji ya kahawia. Nililiziba tundu hilo kwa epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, na siku ya pili nikapaka juu yake rezini ya kawaida ya faiba. Sasa ni mwezi wa nne, ukiigusa bado inanata.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa magari, amekuja kuitazama. Anasema mbao imeoza kidogo tu, niongeze faiba juu, nipake rangi, nifunge mashine. Tena anasema 25 ni ndogo, ana ya 40 atanipa. Rafiki mwingine anasema niichome moto nipumzike. Mashine yenyewe nimeivuta kamba hadi bega likauma. Iliwaka siku moja hapo hapo uani, ikanguruma kama dakika moja, nikafurahi kama mtoto, ikazima na haijawaka tena.

Sasa nyumbani. Mke wangu hajanikataza hata siku moja. Lakini vumbi la msasa lilitua kwenye nguo alizoanika, na mtoto wetu mdogo akawashwa mwili usiku kucha. Harufu ya rezini ikaingia chumbani kwao. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Hii itaisha lini?" Nikamjibu, "Karibu." Jibu hilo nimelitoa mara nyingi sana, na siku hizi nikianza kulisema anageuka na kuondoka kabla sijalimaliza.

Jioni nyingine huwa napanda nikakaa ndani ya boti bila kufanya kazi yoyote. Nahisi kama mjomba yupo. Kuitupa naona ni kumzika mara ya pili. Lakini siwezi kupaka rangi ya tatu. Nisaidie, Shangazi. Niendelee au niiache?

Mpwa mwenye boti uani

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa mjomba. Miaka miwili si mingi kwa mtu aliyekufundisha kushika usukani.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye tundu la bolti linalotoa maji ya kahawia. Habari za rangi umenieleza kwa urefu, tundu hilo ukalipitia kwa haraka. Kwangu mimi, hapo ndipo penye barua. Unauliza uendelee au uache, na swali hilo huwezi kulijibu wewe, wala mimi, wala mkeo, kwa kuwa hakuna aliyekwisha kutazama ndani. Miaka miwili umekuwa ukipamba nje. Jibu limo ndani ya ule ukuta wa tezi unaobeba mashine, na linapatikana kwa alasiri moja, kwa nyundo na drili.

Nikueleze ukuta huo umejengwaje, maana mtu akishaelewa hilo hadanganyiki tena na rangi. Kwenye boti nyingi ndogo za faiba za umri huo, ukuta wa tezi si faiba tupu. Ni plaiwudi nene iliyofungwa katikati ya ngozi mbili za faiba, moja nje, moja ndani. Ngozi hizo ni ngumu lakini nyembamba. Nguvu inatokana na zile mbao zinazozishika pamoja. Mbao kavu iliyofungwa vizuri hukaa miaka mingi sana. Tatizo huanzia kwenye matundu. Tundu la bolti za mashine, tundu la kizibo cha kutolea maji, skrubu mbili tatu alizopiga mtu ili kuning'iniza kitu. Kila moja ni mlango, na dawa ya kuziba iliyowekwa siku ya kwanza hupasuka kwa mtikisiko na jua. Maji huingia tone kwa tone, hayana pa kutokea, na kuvu huanza kazi. Yale malengelenge kwenye rangi yako ni unyevu unaosukuma kutoka ndani. Ungepaka mara kumi, yangerudi mara kumi.

Sasa fikiria mzigo. Mashine ya farasi 25 ya aina hiyo ina uzito wa kilo hamsini hivi, na uzito ndio sehemu nyepesi ya kazi. Ukifungua mafuta, rafadha, ile pangaboi iliyo chini, husukuma mbele, na sehemu ya juu ya mashine huvuta ukuta kurudi nyuma, kama mtu anayeng'oa msumari kwa nyundo. Mbao iliyooza haihimili mvuto huo.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili karakanani nilifunika ukuta uliooza. Mkubwa wangu wa kazi aliniagiza, lakini mikono ilikuwa yangu. Tuliweka tabaka mbili za faiba, tukapaka rangi, mwenye boti akaondoka akiwa na furaha. Miezi michache baadaye ukuta ulipasuka kwa juu akiwa majini, mashine ikalala kinyumenyume ikishikiliwa na kebo ya usukani na mpira wa petroli, na kila wimbi likawa linaingia kupitia pale. Alifika salama kwa kuwa nchi kavu ilikuwa karibu. Rafiki yako wa magari anakutakia mema, lakini ushauri wake ndio huo huo niliowahi kuutekeleza. Kufunika mbao iliyooza ni kuifungia maji ndani pamoja na kuvu wake. Usifanye. Na hiyo mashine ya 40, mshukuru, umrudishie. Kama kibati cha kiwanda bado kipo kwenye boti, kitakuambia mwisho wa nguvu na uzito. Kama kimepotea, usivuke mashine iliyokuwapo.

Basi, Jumamosi hii usiguse msasa. Ondoa mashine kwanza ikiwa bado imefungwa, lakini kabla ya kuiondoa shika mguu wake wa chini, uuinue na kuushusha taratibu huku mwenzako akitazama ukuta. Ukipinda, au nyufa zikifunguka kwenye pembe, umeshapata nusu ya jibu. Kisha chukua nyundo ya plastiki, au mpini wa bisibisi, ugonge ukuta wote hatua kwa hatua, kila baada ya sentimita tano. Palipo pazima pana mlio mkavu, unaorudi. Palipooza pana mlio mzito, uliokufa, kama unagonga gunia. Chora mpaka wake kwa penseli. Usiishie kwenye ukuta. Nenda sakafuni, ufuate mihimili ile inayokwenda kutoka omo hadi tezi chini ya sakafu.

Baada ya kugonga, toboa. Watu huogopa kutoboa boti yao, lakini tundu la milimita sita kwenye ngozi ya ndani huzibwa kwa dakika chache. Toboa kutokea ndani, usipenye ngozi ya nje. Anza chini karibu na kizibo, kisha karibu na bolti, kisha pembeni, kisha juu. Weka kipande cha karatasi nyeupe chini ya kila tundu ukusanye unga unaotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni mbao. Unga mweusi, unaoshikana kama udongo, unaonuka uvundo, ni mbao iliyokwisha. Matundu kumi au kumi na mawili yatakuonyesha ramani nzima. Kama boti yako ina povu gumu la kuisaidia kuelea chini ya sakafu, kata kipande mahali pamoja ukikamue. Povu lililokunywa maji kwa miaka sita halikauki hata ulianike mwaka mzima, na linaweza kuongeza uzito mkubwa ambao macho hayauoni.

Hapo sasa utakuwa na haki ya kuuliza swali lako. Ikiwa kilichooza ni ukuta wa tezi peke yake, na hivyo ndivyo ninavyotumaini, endelea bila wasiwasi. Ni kazi ya Jumamosi kadhaa kwa mtu asiye fundi, mradi awe na subira. Ikiwa ukuta, sakafu na mihimili vyote vimekwenda, ujue kwamba unachotaka kufanya ni kuunda boti upya ndani ya ganda la zamani. Inawezekana. Nimeona watu wakiifanya na kuifurahia, lakini wote walikuwa na paa juu ya kazi yao na familia iliyokubali mwaka mzima au zaidi. Na ikiwa ganda lenyewe limepinda au ngozi ya chini imepasuka kwa urefu, iache. Nitarudi kwenye kuiacha.

Tuseme ni ukuta. Kabla ya kukata chochote, ikalishe boti sawasawa. Uzito uwe juu ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, na uegemezwe pembeni chini ya kona ngumu za ubavu, kisha upime kwa pimamaji kwa marefu na mapana. Ganda la faiba lililokatwa ni laini kuliko unavyodhani, na umbo utakaloliacha siku ya kubandika ndilo litakalobaki maisha yake yote. Kwa sababu hiyo hiyo, hata kama kuna mihimili ya kubadili, usiing'oe yote kwa pamoja.

Kata ngozi ya ndani ukiacha ukingo wa sentimita nane hivi kuzunguka, utoe mbao iliyooza kwa patasi, uiache ngozi ya nje bila kuijeruhi. Itakuwa ndiyo kalibu yako, umbo la kubandikia mbao mpya. Pima unene wa mbao ya zamani mahali palipo pazima kabla hujaitupa. Mara nyingi ni tabaka mbili za plaiwudi zilizogundishwa, jumla ya milimita 36 hadi 40, na vibano vya mashine vimekadiriwa kwa unene huo. Tengeneza kigezo cha karatasi ngumu, ukijaribu na kukipunguza mpaka kikae, ndipo ukate plaiwudi ya majini. Plaiwudi ya fenicha, hata ikiwa nzuri kwa macho, usiilete hapa. Viringisha kingo zote, kwa kuwa kitambaa cha faiba hakikubali kukunjwa kwenye kona kali. Huacha upenyo wa hewa, na upenyo huo ni mlango mwingine wa maji. Kona zote za ndani, mbao inapokutana na ubavu, zijaze epoksi iliyokorogwa na unga wake wa kuikaza, uizungushe kwa mgongo wa kijiko. Juu yake weka tabaka za kitambaa, kila moja ikiwa pana kidogo kuliko iliyotangulia. Na pale ambapo faiba mpya inaungana na ya zamani, ichonge ya zamani iwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene wake. Ngozi ya milimita tano, mteremko wa sentimita sita. Wengi huchonga sentimita moja wakaona inatosha, na hapo ndipo kiungo hufunguka.

Sasa ile rezini inayonata. Wewe umepaka poliesta, yaani ile rezini ya kawaida ya faiba, juu ya epoksi ya siku moja. Epoksi ikiganda huweza kuacha juu yake utando mwembamba kama nta, na kemikali zake huizuia poliesta isikauke. Hata ungesubiri mwaka, ingenata. Ikwangue yote, ufute, usafishe mpaka ufike penye ugumu. Kanuni ninayotaka uishike ni kwamba epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyosuguliwa, lakini kinyume chake usikitegemee. Boti yako karibu hakika ni ya poliesta. Kwa ukuta huu tumia epoksi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hushika mbao kuliko poliesta inavyoshika. Basi nunua kitambaa kilichofumwa au kushonwa. Ule mkeka wa nyuzi fupi zilizotawanywa, mwingi wake umeshikanishwa kwa gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta, haiyeyuki ndani ya epoksi, na utakusumbua. Kila tabaka ikiganda, kabla ya msasa, isugue kwa maji safi na dodoki gumu ili utando uondoke. Ukianza na msasa utausambaza.

Pima vipimo vya epoksi kama dawa ya mtoto. Watu hudhani kuongeza dawa ya kugandisha kunaharakisha. Kwenye epoksi kunakuachia kitu laini kisichoiva kamwe. Usikoroge nyingi kwa mara moja pia. Ikiwa kwenye kopo refu hujipasha moto yenyewe, hufuka moshi, na inaweza kuyeyusha kopo mkononi mwako. Koroga kidogo, mimina kwenye sinia pana.

Jambo moja la mwisho kuhusu ukuta, na ndilo lililoiua boti ya mjomba wako. Usitoboe tundu la bolti ukaliacha mbao tupu. Toboa tundu kubwa kuliko bolti kwa milimita kadhaa, lijaze epoksi nzito, liache ligande, kisha toboa tena katikati yake kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi, na hata dawa ya kuziba ikichoka miaka kumi ijayo, maji hayataiona mbao. Fanya hivyo hivyo kwenye kizibo na kwenye kila skrubu. Ukilishika hili moja, mwanao hatakuja kuniandikia barua kama yako.

Ikiwa ulilazimika kutoa povu chini ya sakafu, rudisha jipya lenye seli zilizofungwa, yaani vitundu visivyopitisha maji kwa urahisi. Lita moja yake hubeba karibu kilo moja majini, kwa hiyo piga hesabu ya mashine, betri na watu. Na si lote likae chini. Weka la kutosha juu, kando ya mbavu karibu na ukingo. Lote likiwa chini, boti ikijaa maji inaweza kugeuka kichwa chini.

Mashine nitaipitia kwa kifupi, maana ina vitabu vyake na mafundi wake. Ulipoiwasha uani kwa dakika ile moja, iliwaka bila maji. Ndani ya mguu kuna impela ya mpira inayosukuma maji ya kupoza, na ikizunguka kavu huungua haraka. Iliyokaa miaka sita imeshapinda hata kabla ya hapo. Ifungue, uweke mpya, na kama ya zamani imekatika mabawa tafuta kila kipande, kwa sababu kilichobaki huziba njia ya maji. Lakini kabla ya kununua chochote pima mgandamizo wa silinda, plagi zote zikiwa nje na mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kabisa. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, mwite fundi kwanza. Fungua skrubu ya chini ya oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, sili zimepitisha maji. Ukijaza mpya, ijaze kutokea tundu la chini mpaka ichungulie tundu la juu, ili hewa itoke. Petroli ya zamani yote imwagwe kwenye chombo na ipelekwe kunakopokelewa taka za mafuta, kabureta isafishwe, mipira ya petroli ibadilishwe. Mchanganyiko wa lita 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita, ni wa kawaida kwa mashine nyingi, ila za zamani nyingine hutaka oili zaidi. Fuata kitabu chake. Na usiiwashe tena bila pipa la maji.

Tuje nyumbani, mwanangu.

Mtoto wako hakuwashwa kwa bahati mbaya. Vumbi la faiba ni vipande vya kioo, na rangi za chini za boti ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na shaba, risasi, hata sumu ya bati ambayo ilipigwa marufuku kwenye meli kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008. Hicho ndicho kilichotua kwenye nguo zile. Kuanzia leo, msasa wa chini ya boti uwe wa maji, na maji yake yakusanywe yasiende mchangani wanapocheza watoto. Grinda ifanye kazi ndani ya hema la plastiki, na mashine ya kunyonya vumbi iwe imewashwa. Nguo za kazi zibaki huko huko, zifuliwe peke yake. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rezini. Inatakiwa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na vya vumbi laini unapokata. Ile dawa ya kugandisha poliesta, tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Kama bado unayo, ifungie mbali na watoto, na usiishike bila miwani ya kukinga.

Na mkeo, msikilize vizuri alichouliza. Hakusema boti iondoke. Aliomba mwisho. Wewe ukampa neno "karibu", ambalo hata wewe hukuwa nalo. Mtu anaweza kuvumilia mwaka mzima wa harufu akijua ni mwaka. Miezi mitatu isiyo na mwisho humchosha. Keti naye kabla ya Jumamosi. Mwambie ulikosea kwa vumbi, umtaje mtoto kwa jina, bila "lakini" mbele yake. Mwambie siku fulani utajua kama boti ni ya kuendelea au ya kuacha, na kwamba majibu utamletea yeye wa kwanza, pamoja na zile karatasi zenye unga. Mkiamua kuendelea, mpe tarehe ya ukuta tu. Si ya boti nzima. Mkubaliane saa za grinda, siku za kuanika, na siku ambayo hugusi boti kabisa. Ukichelewa, umwambie kabla tarehe haijafika.

Kuhusu mjomba nitasema machache, maana hapo mimi ni mgeni. Nadhani ulipaka rangi mara mbili kwa sababu kupaka rangi ni kumbembeleza mtu, na kutoboa ni kumuumiza. Ninaelewa. Ila yeye alikuwa mwenye boti. Alijua tezi ni nini. Kaa ndani yake jioni zako, hilo usiache. Na ikitokea unga wote ni mweusi na ganda limepinda, usiichome. Moshi wa faiba ni sumu, na rafiki yako hakufikiri. Usiitelekeze ufukweni pia, maana haiozi. Ikatwe vipande, ipelekwe kunakopokelewa taka. Trela lina kazi nyingine, mashine yaweza kupona na kupata boti nyingine, na usukani alioushika mjomba mikono yako ikiwa chini ya yake, huo ufungue mwenyewe, ubaki nao ndani ya nyumba.

Jumamosi, panga zile karatasi kwa mfuatano wa matundu, juu hadi chini, uandike namba kwenye kila moja. Kisha niandikie rangi za unga, na mkeo alisema nini alipoziona.

Shangazi